Tegemeo Yatima

Neema, mwenzangu wa idara ya mifumo kule mgodini, ameniomba niandike. Anasema vijana wapya wa idara wanaikuta ile sheria ya kuitana majina kabla ya kulipua, wanaona imekaa katikati ya mfumo wa kisasa kama jembe juu ya meza ya ofisi, na wanauliza nani aliiweka na kwa nini haitolewi. Niliiweka mimi, na sababu yake ina jina la mtu: Masunga. Nimestaafu juzi tu, asubuhi bado nikiamka napapasa kitambulisho cha kuvaa shingoni, kwa hiyo nafasi ninayo. Nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie. Vyeo na mishahara sitavigusa. Wanaovipenda mtawapata, tena watawasimulia bila kuombwa.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga mjini, nyuma ya soko, baba akiuza vitambaa na mama akivishona. Upande wa baba walikuja na reli kutoka pwani, upande wa mama walikuwapo tangu zamani na ng'ombe wao. Nyumbani tulisema Kiswahili; Kisukuma tulikitumia kununulia maziwa. Nikasoma hesabu na kompyuta Dar es Salaam, enzi ambazo kompyuta ilikuwa na chumba chake na kiyoyozi chake, na sisi wanafunzi tukiingia kwa zamu tumevua viatu kama tunaingia msikitini. Niliporudi na cheti changu, mjomba aliniuliza kama nitaweza kumtengenezea redio.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Isaka, bandari kavu. Nilishuka kwenye basi nimevaa viatu vyeupe. Ninyi mnaoijua Isaka mnajua kilichotokea, na viatu vile havikurudi kuwa vyeupe mpaka nilipovigawa. Treni ilikuwa imeleta makontena, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamepanga foleni hadi barabarani, madereva wamelala chini ya magari yao, mama ntilie wanapita na masufuria. Ofisi yetu yenyewe ilikuwa kontena lililokatwa dirisha. Ndani alikaa mama mmoja mnene wa wastani, miwani imefungwa kwa uzi, anavunja karanga juu ya gazeti.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ndiye Zuhura wewe? Weka begi hapo. Kompyuta imeharibika, na hata ingekuwa nzima nisingekupa leo. Njoo nje."

Huyo ndiye Mwalimu Kabula. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi, hadi kampuni yetu ya kupakia na kupakua mizigo ilipomchukua akaanzishe idara ya kompyuta, kwa sababu, alisema mwenyewe, ni yeye tu mkoa mzima aliyekuwa tayari kusoma kile kitabu cha maelezo hadi mwisho. Jina la ualimu halikumtoka. Alinipeleka jukwaani, tukasimama juani tukitazama kreni ikinyanyua kontena kutoka kwenye behewa kulipeleka kwenye lori. Kontena lilipofika katikati, linaning'inia, akanigusa bega.

"Sasa hivi lile ni la nani?"

"La tajiri wa Kigali, nadhani."

"Sikuulizi mali. Nakuuliza mkononi mwa nani. Likidondoka sasa hivi, nani atajibu, reli au lori?"

Nilitazama reli, nikatazama lori, nikamtazama na yeye. Alicheka akanipa karanga.

"Haya. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa."

Kwa wale wanaosoma haya bila kuwa watu wa programu, nieleze. Upande wa reli kulikuwa na mashine yake na programu yake, upande wa malori mashine nyingine, na zilizungumza kwa waya wa simu uliokuwa unakatika kila mvua ikitishia. Reli ilipotoa kontena ilituma ujumbe: chukueni. Lori lilijibu: tumepokea. Sasa ujumbe ukipotea njiani, kontena linaweza kuwa halipo kwa reli na halipo kwa lori. Lipo pale uwanjani, unaweza kuliegemea, lakini kwenye mfumo halina mwenyewe. Au ujumbe unafika mara mbili na kontena linakuwa na wenyewe wawili. Waandishi wa programu wa wakati ule walilishughulikia tatizo hili kwa kupiga kelele kwenye simu.

Mwalimu Kabula alikuwa na njia nyingine. Hakutaka kumwambia mtu programu yake inafanya nini hatua kwa hatua. Alitaka sentensi mbili kwa kila sehemu ya mfumo: inaahidi nini, na ili iitimize ahadi hiyo inategemea nini kutoka kwa wengine. Reli inaahidi haitaliachilia kontena mpaka isikie limepokewa. Lori linaahidi halitasema limepokea kabla halijapokea. Kisha anachukua kalamu na nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita anathibitisha, kwa alama zilezile za hesabu alizofundishia watoto, kwamba ahadi hizo zikishikwa, basi hata waya ukatike vipi, kila kontena lina mwenyewe mmoja, daima. Jambo hilo lisilovunjika aliliandika juu kabisa ya karatasi na kulipigia mstari. Kazi yote iliyobaki chini yake ilikuwa ya kulilinda.

Niliuliza kwa nini tusijaribu tu mfumo mzima, tuuendeshe wiki nzima tuone. Akanipeleka tena mlangoni. Nje lilikuwa linaingia lori la kampuni ambayo jana yake haikuwapo.

"Mfumo mzima ni upi? Huyu hapa jana hakuwepo. Kesho atakuja mwingine na mashine yake, hatuijui imeandikwa na nani. Utajaribu kitu ambacho hakijamalizika kujengwa?"

Baadaye nilipokwenda kuishi Geita nilipata mfano wangu mwenyewe wa jambo hili, nami nimewachosha nao wote mliopita mikononi mwangu. Tazameni nyumba zetu za Kalangalala, nondo zimeachwa zimechomoza juu ya ukuta kwa ajili ya chumba kitakachojengwa Mungu akipenda. Mifumo yetu yote iko hivyo. Huwezi kuthibitisha chumba ambacho hakijajengwa, lakini unaweza kumwambia mjenzi wake, kabla hajachanganya saruji, ukuta huu unaahidi kubeba kiasi gani na unategemea asitoboe wapi. Akifuata hayo, hatuhitaji kubomoa nyumba nzima na kuikagua upya kila anapokuja fundi.

Kulikuwa na neno moja la Mwalimu Kabula ambalo sijalikuta kwenye kitabu chochote. Baada ya uthibitisho kufunga, yaani kukamilika bila pengo, alirudi juu na kupitia kila tegemeo, akiweka kidole. Hili nani ameliahidi? Reli. Hili? Lori. Akikuta tegemeo ambalo hakuna sehemu yoyote iliyoliahidi, alilizungushia duara na kusema, "Huyu yatima. Nenda kamtafutie mzazi." Na ilibidi uondoke kwenye kiti kweli, uende uwanjani, ukaulize, ukaangalie. Hukuruhusiwa kurudi na neno "nadhani". Nilimpenda sana mama yule. Nilimwogopa pia, lakini kupenda kulizidi.

Alipostaafu akarudi Shinyanga kwenye nyumba yake na mimi nikahamia Geita, kwenye mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi uliokuwa unatafuta mtu wa mifumo. Saidi wangu alikuwa anaanza shule ya msingi, na tangu hapo nikawa Mama Saidi kwa kila mtu, hata kwa wakubwa.

Siku ya kwanza mgodini walinivalisha buti zinazonizidi, kofia ngumu yenye taa, na mkanda wenye kifaa kizito cha kupumulia kukiwa na moshi, wakaniteremsha na gari kwenye njia ya mzunguko hadi masikio yakaziba. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa na nyingine nikatunga. Mchimbaji aliyekaa mkabala wangu, mtu wa makamo mwenye mvi za ndevu, aliona midomo yangu inacheza. Akafungua chupa ya chai, akanimiminia kwenye kifuniko, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Kunywa, mayu. Ina tangawizi. Chini huku hakuna shetani, shetani wote wako juu wanauza dhahabu bandia."

Huyo ndiye Masunga. Alikuwa mtu wa maduara kabla ya kuajiriwa, yale mashimo ya wachimbaji wadogo upande wa Nyarugusu ambayo mtu hushuka kwa kamba na kupanda kwa mikono na magoti. Rafiki yake Kulwa walitoka naye hukohuko, wakaajiriwa pamoja, wakapangwa zamu moja. Magoti ya Masunga yalikuwa yameshaisha huko kwenye maduara. Alitembea taratibu, kila siku alikuwa wa mwisho kutoka, na kila siku alikuwa na chai. Sijui kwa nini mtu mwenye magoti mabovu alipenda kukaribisha wageni kiasi kile, lakini kila nilipoteremka nilikunywa kutoka kwenye kifuniko kile.

Mgodi wetu ulikuwa na jambo moja lisilovunjika, na halikuhitaji kalenda kuliandikia: hakuna kulipua kukiwa na mtu ndani. Mwisho wa zamu watu wanatoka, baruti zinalipuliwa, moshi unaachwa utoke, zamu nyingine inaingia. Kwa miaka mingi ulinzi wa jambo hilo ulikuwa miguu na midomo. Nyapara wa kila eneo alipita kulikagua kwa miguu, kisha akaita majina kwenye redio ya upepo, na sauti ikasikika kwenye vipaza sauti vyote, juu na chini. Kila mtu alijibu kwa kinywa chake, "Nipo juu." Wakiisha, ndipo mlipuaji anageuza ufunguo.

Kisha zikaja tagi. Kila mchimbaji alipewa kitufe kidogo cha plastiki chenye namba yake. Akiingia anakigusisha kwenye kisomaji pale mlangoni, akitoka anakigusisha tena, na kioo kwenye chumba cha kulipulia kinaonyesha nani yuko ndani. Mkuu wa uchimbaji, Bwana Petro, akaja na pendekezo: kwa kuwa mashine inajua, ukaguzi wa miguu na kuitana majina vifutwe, ufunguo uunganishwe moja kwa moja na kioo. Kikisoma tupu, sanduku linaloushikilia linafunguka na ufunguo unaweza kugeuzwa. Mimi na Neema, wakati huo ndiyo kwanza ametoka chuoni, tulitakiwa kuthibitisha na kutia saini kwamba kioo kikisema hakuna mtu, hakuna mtu.

Bwana Petro hakuwa mtu mbaya, niseme hilo mapema. Kila mara akichelewesha kulipua, kulikuwa na mtu juu yake wa kumuuliza.

Tulikaa na uthibitisho ule muda mrefu. Kulikuwa na visomaji vya kampuni moja, mtambo wa kupeleka ujumbe wa kampuni nyingine, kioo tulichoandika wenyewe, na sanduku la ufunguo lililotoka ng'ambo na kitabu cha lugha ambayo hakuna aliyeijua. Sehemu kwa sehemu tuliandika ahadi na mategemeo. Waya ukikatika, kioo kinahesabu watu wamo ndani hadi kijue vinginevyo. Ujumbe ukichelewa, ufunguo haufunguki. Ujumbe ukija mara mbili, haidhuru. Neema alikuwa mwepesi kuliko mimi, nilimwachia zile sehemu ngumu nikamtengenezea chai. Siku uthibitisho ulipofunga alipiga meza kwa furaha hadi mlinzi akachungulia.

Nikamwambia turudi juu, tuhesabu wazazi. Hili nani ameahidi? Kisomaji. Hili? Mtambo. Hili? Kioo. Tukafika kwenye mstari mmoja ambao wote tulikuwa tumeuandika bila kuutazama, kwa jinsi ulivyo wa kawaida: tagi iko pale alipo mwenye tagi.

"Huyu nani mzazi wake?" nikauliza.

"Mama, hiyo si imo kwenye kanuni za usalama? Wanaambiwa siku ya kwanza, usimpe mtu tagi yako."

"Wameambiwa. Nani ameahidi?"

Neema akachukua kalamu nyekundu, akazungusha duara mwenyewe. Moyo wangu ulijaa. Nilitamani Mwalimu Kabula angemwona.

Nilikwenda kwa Bwana Petro. Nikamwambia uthibitisho umefunga isipokuwa tegemeo moja, na hadi nilipatie mzazi, kuitana majina kubaki. Ukaguzi wa miguu aufute kama anataka, lakini sauti zibaki.

"Mama Saidi, tumenunua mfumo wa kisasa halafu tuitane kama watoto wa shule?"

"Ndiyo, Bwana Petro. Kama watoto wa shule."

"Una kosa lolote ulilolikuta? Nionyeshe."

"Sina. Nina jambo nisilolijua."

Alipumua kama tairi linalotoa upepo. Akasema sawa, kwa kipindi cha majaribio tu, na baada ya hapo nitie saini au nimwambie kwa nini. Nikamshukuru. Nilitoka pale nikijiona kikongwe msumbufu, maana kusimamisha kazi ya watu kwa sababu ya mstari mmoja kwenye karatasi si jambo la kujivunia mbele ya wenzako. Madereva wa mgodi walishaanza kunitania, "Mama Saidi, umeshaitwa leo?"

Siku ya majaribio ilipofika, jioni mwisho wa zamu, tulikuwa kwenye chumba cha kulipulia: mimi, Neema, Bwana Petro, mlipuaji na nyapara mwenye redio. Kioo kilianza kupungua. Wakatoka kwa makundi, kama kawaida. Mwishowe kikasoma tupu. Sanduku likatoa mlio, taa ikawa ya kijani, ufunguo ukafunguka. Kila sehemu ilikuwa imetimiza ahadi yake. Bwana Petro alinitazama kwa tabasamu la mtu ambaye hataki kuonekana anatabasamu.

"Haya, waite," akamwambia nyapara.

Majina yakaanza. Nipo juu. Nipo juu. Wengine walijibu kwa mizaha, mmoja akaongeza kwamba yupo juu na ana njaa.

"Kulwa!"

"Nipo juu."

"Masunga!"

Kimya.

"Masunga!"

"Yuko bafuni huyo," alisema Bwana Petro. "Kioo kinaonyesha ametoka. Tazameni hapa, ametoka pamoja na Kulwa."

Na kweli, jina lake lilikuwa pale, ametoka. Nilitazama ufunguo ukiwa umefunguka ndani ya sanduku lake. Nikashika ukingo wa meza. Nyapara akaita mara nyingine. Ndipo kipaza sauti kikakwaruza, ikaja sauti yenye mwangwi, tulivu kabisa, ikisalimia kwa Kisukuma, kutoka kwenye redio ya ukutani ya kituo cha kungojea gari, kule chini.

"Mwadila, jamani. Niko huku. Gari limechelewa leo, au mmenisahau?"

Bwana Petro aliuchomoa ufunguo, akautia mfukoni, akautoa, akanikabidhi mimi. Ukadondoka sakafuni katikati yetu. Neema ndiye aliyeuokota. Gari lilitumwa mbio, na mimi nikatoka kwenda mlangoni kulingojea.

Kulwa alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mabomba ya kunawia. Miguuni pake kulikuwa na mabegi mawili. Moja lake. La pili nililijua, maana kifuniko cha chupa ya chai kilikuwa kimechomoza, na kwenye mkanda wa begi lile ilining'inia tagi ya Masunga. Wote walizifunga hapo. Mkanda wa kiunoni ulishajaa betri na kile kifaa cha kupumulia, na begi ndilo lililokuwa na nafasi.

Alikuwa amesikia kipaza sauti. Alikuwa ameelewa kabla yetu.

"Mayu," akaniambia, "nimemuua."

"Hujamuua. Yuko kwenye gari, anakuja."

"Kule duarani wa kwanza kupanda anabeba mizigo ya mwenzake. Ili yeye apande mikono mitupu. Magoti yake... Kila siku namchukulia. Kila siku, mayu. Nagusisha zote mbili nisije nikasahau."

Nikakaa karibu naye. Nikamshika mkono kama mtoto. Mtu amembebea rafiki yake mzigo tangu ujana, kutoka shimo la kamba hadi mgodi wa magari, na sisi tulikuja tukauweka uhai wa yule rafiki juu ya mzigo. Nililia pale mbele ya zamu nzima na sikuona haya.

Gari lilipotokea, Masunga alishuka taratibu, goti moja kisha lingine, akashangaa kukuta umati.

"Kuna msiba?"

Kulwa alimkumbatia kwa nguvu hadi kofia yake ikaanguka. Masunga alimpigapiga mgongoni, bado haelewi, akatutazama juu ya bega la mwenzake mmoja mmoja.

"Haya, haya. Chai yangu iko wapi?"

Kwenye kikao cha kesho yake kulikuwa na waliotaka Kulwa afukuzwe kwa kuvunja kanuni. Mimi na Neema tulisimama na karatasi yetu yenye duara jekundu. Tulisema Kulwa alitimiza ahadi ya zamani kuliko mgodi huu, na kwamba mkimfukuza yeye bado mnao wengine wote waliotoka maduarani, kila mmoja na mwenzake. Bwana Petro ndiye aliyelimaliza. Alisema hamfukuzi mtu kwa hilo, akaniuliza sasa tunafanya nini.

Jibu lilitoka kwa Neema. Tagi itolewe kwenye begi, ifungiwe ndani ya taa ya kofia. Chini kule mtu atakupa begi lake, atakupa chai yake, atakupa hata shati. Taa hakupi, maana bila taa hatajiona hata mkono wake. Tegemeo letu likapata mzazi, na mzazi wake ni giza. Nilifurahi kama nimepata mjukuu.

Nilipanda basi hadi Shinyanga kumsimulia Mwalimu Kabula. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini karanga alivunja bila kutazama. Alisikiliza yote, akanifanya nirudie ile sehemu ya taa.

"Giza," akasema, akatikisa kichwa kwa raha. "Giza haliombi likizo. Na huyo Kulwa anaendeleaje?"

"Ana aibu bado. Hata kula hali vizuri."

"Mwambie nimesema asiache kubeba begi."

Nilimpelekea Kulwa salamu ile neno kwa neno. Mwalimu ametangulia sasa, Mungu amrehemu, na kuna siku bado nakusanya maswali ya kumpelekea kabla sijakumbuka.

Sasa ninyi mnauliza, kama tagi iko kwenye taa na uthibitisho umefunga, kuitana majina kwa nini kubaki? Kwa sababu ya zile nondo za Kalangalala. Tangu siku ile wamekuja wakandarasi wapya na mabasi yao, feni zinazojiwasha, magari yasiyo na dereva, na kila mmoja ameleta sehemu yake na ahadi zake. Mwakani watakuja ambao hata wao hawajijui. Uthibitisho wenu utakuwa sahihi kwa yote mliyoyaandika. Lile msiloliandika, kwa jinsi lilivyo la kawaida, ndilo linalojibu likiitwa jina. Na sharti lake ni moja, lipo kwenye kanuni kwa mwandiko wangu: hakuna kumwitikia mwenzako, hata kama umesimama naye bega kwa bega.

Siku yangu ya mwisho mliniteremsha chini kuaga. Masunga alishastaafu zamani, analima mpunga na anaendelea kulalamikia magoti, lakini alinitumia chupa ya chai ya tangawizi kwa mkono wa Kulwa, ambaye sasa ndiye nyapara. Tulipotoka, Neema alinipokea begi. Nilikwenda kwenye mabomba kunawa uso, maana vumbi lilikuwa limekutana na machozi. Majina yakaanza kuitwa, na wageni huitwa mwisho.

"Mama Saidi!"

Ilikuwa sauti ya Kulwa. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu.

"Mama Saidi!"

Zamu nzima iligeuka kunitazama pale uwanjani. Neema alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, redio mkononi, begi langu begani. Angeweza kusema neno moja mambo yakaisha. Hakulisema. Alinisogezea redio mdomoni, akasubiri, na ufunguo ukasubiri, na Kulwa huko chumbani akasubiri bila kuita tena.

"Nipo juu," nikasema.

Ardhi ikatikisika kidogo chini ya miguu yetu, na Neema akanirudishia begi langu.